Mwaka Nilipokuwa Mama wa Shangazi

Jumamosi iliyopita, huko Mwala, nilimzika mtoto wangu wa pekee. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka thelathini na ushei. Baada ya mazishi tulipakuliwa wali, nyama na kabichi chini ya hema, nami nilikuwa natafuta pa kukaa nilipomwona mzee Kimeu, mume wa marehemu, ameketi pembeni na sahani mapajani. Naye aliniona. Akaifunika sahani kwa kofia, akaiweka chini, akajiinua kwa mkongojo na kwenda zake nyuma ya nyumba, mguu mmoja ukiburuta. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, maskini. Mjukuu wake mmoja, kijana wa mjini, alinijia na soda mkononi. "Niaje, anti? Kwani mlikosana na buda?" Nikamwambia hatujakosana. "Sasa mbona anakuhepa? Ameacha hadi nyama, na vile huyo mzee hupenda nyama!" Nikamjibu kwamba ananiheshimu, kwa sababu mimi ni mama mkwe wake. Kijana alicheka, kisha akaona mimi sicheki, akanipa soda na kuondoka. Sikumlaumu. Nina miaka hamsini na mbili, na mzee Kimeu amekaribia tisini.

Sisi Wakamba, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Bibi yangu aliitwa Nduku, nami nikaitwa Nduku. Basi wote waliozaliwa na yule bibi hawawezi kunitaja hivyo, kwani ni nani anayemwita mama yake kwa jina? Huniita Mwaitu, yaani mama yangu. Kwa watu wengi hilo ni neno la mapenzi tu, mtoto huitwa hivyo akibembelezwa, na husahauliwa akitakiwa kuchapwa. Baba yangu hata hakujisumbua nalo, aliniita Agnes, jina la ubatizo, mambo yakaisha. Lakini dada yake mkubwa, shangazi yangu Mwikali, hakuwa mtu wa kutamka neno asilolimaanisha. Nilipopelekwa kukaa kwake Maringo, Nairobi, nikiwa na miaka kumi, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kuniuliza kama nimechoka na safari. Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Eastleigh, mtaa usio mbali.

Sababu za kupelekwa kwake si za sura hii. Itoshe kusema kwamba baba alikuwa ameoa tena, chumba chao kilikuwa kimoja, na pacha walikuwa wamezaliwa. Mama yangu mzazi simkumbuki. Kwa shangazi pia chumba kilikuwa kimoja, katika zile nyumba za mawe za kanjo, yaani za baraza la jiji, lakini kilikuwa cha watu wawili tu na kilifagiliwa hadi chini ya kitanda. Pazia la maua ya manjano lilikigawa: huku kitanda, kule meza, viti viwili, kabati la vyombo na jiko. Shangazi alifanya kazi kwenye kiwanda cha peremende Industrial Area. Alivuka Jogoo Road kwa miguu alfajiri na kurudi jioni, nywele zikinukia sukari iliyoungua. Mtu angedhani mtoto angefurahia harufu ile. Mimi ilinifundisha kungoja, maana kuanzia nilipotoka shule hadi harufu ile ifike mlangoni sikuwa na wa kusema naye.

Watoto wa ploti walinijaribu siku mbili tatu, wakaacha. Walimsikia shangazi akiniita Mwaitu, wakauliza maana yake kwa mama zao, na tangu hapo jina langu likawa Mathe, mama kwa lugha ya mtaani. Nikitokea uwanjani wakati wasichana wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mmoja angeushika mpira na kusema, "Sasa Mathe! Umewaachia nani watoi leo?" Na wote wangekufa kwa kicheko. Nilicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili nilirudi ndani nikachagua maharagwe. Nikajifunza kuupenda ule uchaguzi wa maharagwe, kuyatandaza kwenye sinia na kuyasogeza kwa kidole. Hadi leo, nikiwa peke yangu huku mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, nguo za majirani zimeziba dirisha hata mchana nawasha taa, kazi inayonituliza ni hiyo. Nanunua maharagwe ambayo siyahitaji.

Lakini jioni zilikuwa zangu. Shangazi angeingia, avue viatu, anisalimu, kisha aketi kile kiti kifupi na kuniachia kile cha mgongo mrefu. Akinipakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hakugusa chake mpaka nimeze tonge la kwanza. Kisha angenieleza siku yake, si kama mtu mzima anavyomchekesha mtoto, bali kama binti anavyomshtakia mama. "Mwaitu, leo supavaiza amenihamisha kwenye mashine ya moto, na mimi sikufanya kosa." Nami, sijui niliyatoa wapi maneno, ningemwambia, "Nyamaza, kesho atakurudisha." Angeitika, "Haya, Mwaitu," na uso wake ungelegea kabisa. Aliniomba ruhusa ya kwenda mazoezi ya kwaya. Aliniuliza kama kitambaa fulani kinamfaa. Vilevile alinikata kucha, alinipaka mafuta miguuni, alinikagua daftari na kunitandika kofi moja la haki niliposema uwongo, akaniomba radhi palepale kwa kumpiga mama. Sijawahi kupendwa namna ile tena, na ninasema hivyo bila kumkosea mtu yeyote.

Kimeu alikuja maishani mwetu mwezi wa nne, na matikitimaji mawili begani. Alikuwa dereva wa lori, mjane, mtu mkubwa wa kuziba mlango, aliyesali kanisa moja na shangazi. Siku hiyo shangazi alinionyesha kwa mkono na kusema, "Na huyu ndiye Mwaitu, aliyetuzaa, mimi na ndugu yangu." Kimeu akaruka nyuma, akajifunika uso kwa kofia. "Kumbe niko mbele ya mkwe na sijajisetiri!" Tulicheka wote, hata jirani yetu Mama Wambui aliyekuwa akianua nguo. Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hukaa kwa haya: hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake kwa kugeuka. Haya hiyo tunaiita nthoni. Kimeu alikuwa bado hajatamka kwamba anataka kuoa, ila kwa mchezo ule alikuwa ameshatamka. Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu, na nikaona amekuwa mzuri.

Alipokuja mara ya pili alikohoa nje ya mlango. "Hodi. Mkwe yuko wazi?" Shangazi akanikonyeza, nikaenda nyuma ya pazia nikakaa kitandani, nikiziba mdomo nisicheke. Mara ya tatu sikuziba mdomo. Kufikia mwezi wa sita hapakuwa na anayecheka. Kimeu angesimama kwenye manyunyu mpaka aambiwe nimeingia ndani, na shangazi angenipitishia sahani yangu chini ya pazia. Nilikula peke yangu gizani, nikiwasikia wakila pamoja upande wa pili. Mama Wambui alimwambia shangazi wakiwa bombani, nami nikisikia, "Mwikali, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Huyu ni mtoto." Shangazi akamjibu, "Wewe kwenu mnaitana hivyohivyo." Mama Wambui akasema ndiyo, kwao Murang'a, kwa Wakikuyu, wanaitana, lakini mtoto akiitwa mama bado hupewa ruhusa ya kucheza.

Nyuma ya lile pazia ndipo nilipojua kwamba kwa shangazi haukuwa mzaha tangu mwanzo. Jumapili moja Kimeu alimuuliza mbona mwanamke kama yeye hakuwahi kuolewa. Nikasikia kijiko kikizungushwa kikombeni. Kisha shangazi akasema kwamba aliwahi kuposwa akiwa msichana, na kijana mchongaji vinyago wa Wamunyu. Wazee wa kijana walileta mbuzi, na pamoja nao blanketi la mama, maana kwetu mahari haijaingia mpaka mama wa binti alipokee blanketi lake. Bibi yangu alilichukua lile blanketi kwa ncha ya fimbo, akalitupa juu ya boma la ng'ombe. Lilinyeshewa hapo mpaka likaoza. "Akaniambia nisiende kwa mwanamume yeyote mpaka yeye aseme nenda," shangazi alisema. "Nikangoja aseme. Akaugua, nikamuuguza, nikamlisha kwa mkono. Akafa hajasema." Kimeu akauliza kwa sauti ya chini, "Na sasa?" Viti vikalia sakafuni. Nilijua tu, kwa jinsi vilivyogeuka, kwamba wote wawili walikuwa wanalitazama pazia.

Blanketi liliingia mwezi wa saba, katika ile baridi ya Nairobi inayokaa mifupani. Baba yangu na wazee wa ukoo walikuwa wameshakula mbuzi wao kijijini na kushiba. Kwao lilikuwa jambo lililokwisha. Lakini shangazi alikuwa amesema hatoki mpaka Mwaitu apokee. Kimeu alipiga magoti upande wake wa pazia, nikaona vidole vyake vinene vikilisukuma blanketi kwa chini, taratibu, kama anayemsogezea chakula mnyama asiyemjua. Lilikuwa la kahawia lenye mistari myekundu, bado ndani ya plastiki yake. Nilikunja miguu kitandani lisiniguse.

Wiki zikapita likiwa palepale sakafuni. Shangazi alifagia kulizunguka. Hakuniuliza, hakunisihi, hakulisogeza hata inchi. Tulilala chini ya lile letu la zamani lililochakaa katikati, nimejibana mgongoni pake, na mimi nilijua kwamba nikinyoosha mkono tu ningempoteza. Ndivyo nilivyoliona, na ndivyo lilivyokuwa. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeningoja nimeze kwanza ndipo ale. Jioni alianza kunyamaza. Bado alinisalimu na kuniuliza habari za shule, lakini habari za mashine na supavaiza zikaisha, kana kwamba binti amekua na ana siri zake.

Hatimaye nilimuuliza mimi. Alikuwa akipepea jiko, mgongo amenipa. "Shangazi, ukiolewa tutaenda wote Mwala?" Pepeo ikasimama. Akasema bila kugeuka, "Mwaitu, mama hakai kwa mkwe wake. Kimeu atakula wapi? Ataingilia mlango gani?" Nikaliona hapo kosa letu lote. Angekuwa na mpwa tu, Kimeu angempakia mpwa kwenye lori pamoja na masufuria, na asingefikiria mara mbili. Mama mkwe hakupakiwa. Walikuwa wameniweka juu mno na hapakuwa na ngazi ya kunishusha. Nikamwambia, "Basi usiniite Mwaitu. Niite Nduku. Nitakuwa Nduku tu, tutaenda." Aligeuka. Akapiga magoti ili tulingane, akanishika mabega na kufungua mdomo. Niliona ulimi wake ukigusa meno. Machozi yalitangulia kabla ya sauti. "Siwezi," akasema. "Siwezi kumtaja mama yangu. Na ukiwa Nduku tu, nani ataniambia nenda?"

Nimekuwa mtu mzima kwa miaka mingi, na bado sijui kama alinikosea. Siku nyingine namkasirikia, nikiwa nimekaa na sinia langu la maharagwe. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kutwikwa deni la marehemu. Siku nyingine naona kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtoto, amesimama mlangoni kwa mama yake miaka yote ile, na mimi ndiye niliyekuwa ndani. Mambo haya mawili sijaweza kuyapatanisha, na mwenyewe ameshazikwa.

Lililonigeuza halikuwa machozi yake. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, nimetumwa mafuta ya taa. Shangazi alikuwa amemwambia Kimeu asije kwa muda, asinibane. Lakini nilipopita ule ujia mwembamba kati ya nyumba, nikakutana naye uso kwa uso, amebeba kifurushi cha ndizi. Aliniona, akageuka palepale na kuuelekea ukuta, kofia usoni, kifua kimegusa mawe, ili nipate kupita. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye ngazi wakaanza. "Buda, nani amekuweka kona?" "Amewekwa na tichee!" "Buda, huyo ni mtoi tu, geuka!" Hakugeuka. Shati lake lilikuwa limechanika begani na kushonwa kwa uzi wa buluu, mishono mikubwa iliyopinda, ya mtu aliyejishonea mwenyewe. Nilisimama nyuma yake, kidumu cha mafuta mkononi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilitaka kuona kama atachoka, atacheka, atageuka. Shingo yake ilitoka jasho katika baridi ile. Vijana wakachoka kabla yake. Nikaelewa kwamba mtu huyu angesimama vile hata kama ningekawia mpaka giza, na kwamba angemngoja shangazi yangu ameze kwanza ndipo ale, namna hiyohiyo. Nikapita. Nyuma yangu nikasikia akipumua.

Nilimkuta shangazi anakatakata sukuma. Niliweka mafuta, nikaingia nyuma ya pazia, nikachana ile plastiki. Blanketi lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, lilinuka duka. Nikajitupia mabegani, likaburuta, nikatoka nalo na kukaa kwenye kile kiti cha mgongo mrefu, miguu haigusi sakafu. Kisu chake kikasimama. Akaja mbele yangu akapiga magoti, mikono ingali na maji ya mboga. "Mwaitu, umesema?" Nikaitikia kwa kichwa. "Sema kwa mdomo." Nilitumaini mpaka dakika ile kwamba angenivua lile blanketi na kusema hapana, mwanangu, haya yalikuwa mambo ya wakubwa, tutakaa hivihivi. Nilimpa nafasi. Nilihesabu vifungo vya blauzi yake, vyote. Kisha nikasema, "Nenda." Akafungua viganja, na nilijua kinachotakiwa, nilikuwa nimeona wazee wakibariki kwa mate kijijini. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kabisa. Nikatema kidogo kilichopatikana. Alijipaka kifuani, akalaza kichwa mapajani pangu, akalia kwa sauti ambayo sikuijua, ya mtu mdogo sana. Nikampapasa nywele zenye sukari. Nilikuwa nimeona akina mama wakifanya hivyo.

Aliondoka mwezi wa kumi na mbili. Wanakwaya walijaa ploti nzima, lori lilifungwa riboni, wasichana wa mchezo wa kati wakaja kutazama. Kimeu alisimama nyuma ya lori, mgongo kwetu, akijifanya anakagua gurudumu. Shangazi, ndani ya gauni lake jipya, alinishika mkono mpaka barabarani na hakuwa tayari kuuachia. Mama Wambui ndiye aliyembandua vidole, kimoja kimoja. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeambiwa na wanawake wa kanisa kwamba mama akilia, binti haendi kwa heri. Nilipunga mkono mpaka lori likapinda kuingia Jogoo Road.

Mama Wambui aliniita chai kwake, nikamwambia nitakuja. Baba alikuwa aje kunichukua jioni, anipeleke Eastleigh, nikawe Agnes. Nilirudi ndani. Kitanda kilikuwa kimechukuliwa, meza imechukuliwa, kabati limeacha alama ya mraba ukutani. Pazia tu walikuwa wamelisahau. Nikaingia nyuma yake, nikakaa sakafuni juu ya blanketi langu, na hapo ndipo nililia. Kila mtoto akilia humwita mtu, na mimi sikuwa na mwingine wa kumwita ila yeye. Neno shangazi halikutosha. Nililia, "Mwaitu, Mwaitu," na aliyepita dirishani angedhani najiita mwenyewe.